Uso wa Radi

Kila mtu mjini Bunia anajua jinsi Radi anavyotembea, na hakuna anayejua jinsi anavyoongea. Siku ya pambano hupita barabarani amesimama sehemu ya nyuma ya gari, fanfari ya tarumbeta na ngoma ikimtangulia, barakoa nyekundu ya ngozi imefunika kichwa chote hadi shingoni, mikono imekunjwa kifuani. Watoto humwita, wauza mihogo humwita, walimu humwita. Yeye huinamisha kichwa kidogo, basi. Wengine husema ni majivuno. Wengine husema ni dawa, kwamba mpiganaji wa kachi, mieleka ya ulingoni, akifungua kinywa, nguvu humtoka.

Ukweli ulikuwa mdogo kuliko hayo. Bunia mtu akitoa neno moja, hata salamu, anayemsikiliza anajua baba yake amezikwa upande gani wa barabara. Kwa hiyo Radi alinyamaza, na kwa kuwa alinyamaza, pande zote mbili za mji zilimhesabu kuwa mtoto wao.

Chini ya barakoa alikuwa Hubert, fundi wa vitanda nyuma ya soko, mtu wa makamo, mabega mapana, goti la kushoto limekwisha. Mjini watu wawili tu walijua. Mmoja ni Bibiane, mke wake, aliyefua nguo za Radi na kuzianika chumbani, chini ya dirisha lililofungwa, kwa sababu hazikutakiwa kuonekana kwenye kamba ya nje. Miaka yote chumba chao kilinuka nguo mbichi. Mwingine ni Michel, aliyeandaa mapambano na kuchapisha matangazo.

Hubert hakuwa Radi wa kwanza. Barakoa aliipokea kutoka kwa Félicien, fundi wa magari, siku zile vita vilipotulia na watu wakaanza kurudi kwenye nyumba zisizo na mabati. Félicien alikuwa mtu wa upande mwingine. Wangekutana barabarani mwaka mmoja kabla, mmoja wao asingefika nyumbani. Alimchagua Hubert baada ya kumwona akicheza mieleka na vijana uwanjani, akamwita gereji, akafunga mlango.

"Mi nilipewa na mutu wa kwenu," Félicien alisema. "Sasa nakupa weye. Na weye utampa mutu wa kwetu. Ikibaki upande moya, itageuka kofia ya watu wa bunduki."

"Na nikikosa mutu?"

"Basi utaendelea kuvaa."

Hubert alicheka. Félicien hakucheka. Baadaye alihamia Boga kwa binti yake, akafia huko, na ile amri ikabaki mjini na Hubert peke yake.

Kama ingekuwa kachi tu, Hubert angeweza kuacha na watu wangesahau. Lakini kulikuwa na siku ya daraja. Siku hiyo alikuwa akirudi kutoka kwenye maandamano ya pambano, bado amevaa, gari la Michel likakwama karibu na daraja la Nyamukau. Vijana wa mtaa huu walikuwa ng'ambo moja, vijana wa mtaa ule ng'ambo ya pili, wameshika mapanga na mawe, kwa ajili ya ng'ombe waliopotea na mtu aliyekutwa amekufa. Hubert alishuka. Hata leo hajui kwa nini. Alitembea hadi katikati ya daraja, akakaa chini kwenye vumbi, akakunja mikono. Huku wakasema, huyu ni wetu, tusimpige. Kule wakasema hivyohivyo. Jua likawachoma wote, mwishowe wakaondoka.

Tangu hapo, kila mahali mji ulipotaka kuwaka, mtu alisema, "Aitwe Radi." Simu ya Michel ililia, na baada yake simu ya Bibiane. Hubert aliacha randa juu ya ubao, akavaa, akaenda kukaa vumbini. Alikaa mbele ya duka ambalo watu wenye hasira walitaka kulichoma. Alikaa kwenye njia panda siku ya mazishi ya watu wawili. Kila mara alilia, na chini ya ngozi ile hakuna aliyemwona. Watu walimpa heshima yote, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama amekula.

Sasa goti lilikuwa likimwacha. Akikaa chini, hakuweza kusimama tena bila kushika kitu. Na watu wa upande wa Félicien aliowafahamu walikuwa wamehama, au wamekuwa wazito wa mwili, au wakimwona hawakumsalimu tena. Ulikuwa mwaka wa amani, ile amani ambayo watu wanaenda sokoni mapema na kurudi mapema. Mtu gani angeenda kwa jirani ambaye hamsalimu amwambie: njoo, nikuonyeshe sura yangu?

Jibu lilikuja limebeba mbao kichwani.

Geneviève alikuwa binti wa familia iliyokimbia kutoka Bule na kupiga hema kwenye kambi ya waliokimbia vita. Alichukua mbao kutoka kwenye malori na kuzipeleka kwa mafundi. Alikuwa mrefu, shingo nene kwa kazi, maneno machache. Siku moja mlevi alimshika mkono mbele ya karakana ya Hubert na kumvuta. Geneviève alitua mbao zake taratibu. Akamgeuza yule mtu, akamwangusha, na kabla kisogo hakijagusa jiwe akaweka kiganja chake chini ya kichwa. Kisha akachukua mbao zake. Mlevi alibaki amelala, akiangalia mawingu kwa mshangao.

Hubert alisahau kugonga msumari. Kuangusha ni kwa wengi. Kumpokea uliyemwangusha, hicho ndicho Félicien alichomfundisha kwa mwaka mzima.

"Nani alikufundisha ile?" aliuliza.

"Kaka zangu. Tukichunga ng'ombe. Ukimvunja mwenzako, utachunga peke yako."

Hubert aliweka nyundo chini. Kwa namna msichana alivyosema "ng'ombe" alijua kila kitu alichotaka kujua. Ni wa upande wa Félicien.

"Geneviève, weye unaweza kunyamaza?"

"Papa Hubert, siye tunanyamaza tangu tutoke kwetu. Uniulize kama naweza kusema."

Akafungua sanduku la vifaa, akatoa barakoa chini ya misumeno. Geneviève aliitazama, akamtazama yeye, akaangalia goti, akaanza kucheka hadi akakaa juu ya mbao.

"Radi ni weye? Radi! Mama yangu anaomba kwa Mungu amupe mukwe kama Radi."

"Mwambie amechelewa. Bibiane iko."

"Lakini Radi iko mwanaume."

"Nani alikuambia? Yeye hajasema."

Hapo Geneviève aliacha kucheka. Aligeuza ile ngozi mikononi, ndani ambako jasho la watu watatu au wanne lilikuwa limeacha weusi. Akauliza kama wakiita, lazima kwenda. Hubert akasema lazima. Akauliza kama siku moja wenye mapanga hawatasimama, itakuwaje. Hubert akasema hajui, hilo hata Félicien hakumwambia.

"Nipe siku ya kufikiri," Geneviève akasema. Kesho yake alikuja asubuhi bila mbao.

Bibiane hakufurahi. Alikuwa akishona upya mabega ya ile nguo, sindano ikipita kwa hasira.

"Weye unatoka kwa gereza, unamuingiza mutoto wa watu. Halafu unaniambia ni heshima."

"Félicien alifanya vile kwangu."

"Na weye ulimushukuru? Hata mara moya?"

Bibiane akakata uzi kwa meno. "Mulete nimupime kifua. Ile nguo itamubana."

Walifanya mazoezi nyuma ya rundo la mbao, mchana, wakati misumeno ya majirani inalia na hakuna anayesikia mtu akianguka. Geneviève alijifunza haraka, isipokuwa jambo moja. Alitembea vizuri mno. Hubert alimfundisha kuchechemea kidogo kwa mguu wa kushoto, naye alifanya hivyo kwa ustadi hata Bibiane akacheka siku ile, mara ya kwanza.

Ndipo gari la Michel likapita mtaani na kipaza sauti juu yake. Jumapili, Radi dhidi ya Katapila wa Komanda. Na baada ya pambano, sauti ilisema, kwa mara ya kwanza katika historia ya Bunia, Radi atavua barakoa! Ni yule? Ni wetu? Ni wenu? Njooni muone!

Hubert alienda kwa Michel akiwa na vumbi la mbao kwenye nyusi. Michel alikuwa akila wali uani, walinzi wawili mlangoni.

"Mi sijakubali kitu ile."

"Papa Hubert, kaa. Ile vita iliisha. Watu wamechoka kufichwa. Amani iko."

"Kama amani iko, wale wawili kwa mulango wanafanya nini?"

Michel alimwangalia mlinzi mmoja, akarudi kwenye wali wake. "Weye uko na goti mbaya. Onyesha uso, watakupigia makofi, utapumzika. Unaogopa nini?"

"Naogopa kesho yake. Wakiita Radi, nani atakaa katikati?"

"Sawa, muzee. Tutaangalia."

Mjini kwetu mwenye mali akisema tutaangalia, amekataa. Hubert alilijua hilo kama anavyojua mbao za mninga. Lakini alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka husikia anachotaka. Alirudi nyumbani akimwambia Bibiane kwamba Michel amekubali, watu watapiga kelele kidogo halafu wataenda zao.

Jumapili, baada ya misa, uwanja ulijaa. Hakuna aliyewapanga, lakini watu wa upande mmoja walikaa karibu na ukuta wa shule, na watu wa upande mwingine karibu na barabara, na katikati kulikuwa na majani matupu ambayo mbuzi peke yake ndiye aliyeyakanyaga. Hubert alisimama nyuma ya wapiga ngoma, uso wazi, shati la kanisani; hata Michel hakujua kwamba leo ndani ya barakoa ni Geneviève. Hakuwahi kusikia uwanja ule kutoka chini. Ndani ya barakoa ulikuwa kama mvua ya mbali. Sasa alisikia mtu mmojammoja.

"Angalia vile anakanyaga," mzee mmoja karibu naye alisema Radi alipopanda ulingoni. "Ule ni mukanyago wa kwetu."

"Leo anachechemea kidogo tu," mwenzake akasema. "Alienda Kampala, wakamupa goti mupya."

"Goti ya Kampala! Na mi naomba hata meno ya Kampala."

Hubert alicheka pamoja nao, akashangaa kusikia sauti yake mwenyewe.

Katapila jina lake halisi ni Fabien. Siku za kazi hupakia malori Komanda. Alikuwa amepigana na Radi miaka mingi na kushindwa mara nyingi, bila kinyongo. Raundi ya kwanza Geneviève alimzunguka, akamwangusha, akampokea. Uwanja mzima ukapiga kelele, ukuta na barabara pamoja. Hubert alihisi kitu kikimtoka mabegani. Alifikiri: nimemaliza. Akaanza hata kuwaza kitanda cha mteja aliyemsubiri.

Raundi ya pili Katapila alimkumbatia Geneviève kutoka nyuma. Hakumwinua. Vidole vyake vikaenda kisogoni, kwenye kamba, na Hubert akaona Michel, chini ya ulingo, akitikisa kichwa kwamba ndiyo. Kamba ikakatika. Barakoa ikatoka.

Misuko. Uso wa msichana, umelowa jasho, macho yamefumbwa kwa jua.

Uwanja ukanyamaza kabisa. Katapila mwenyewe alirudi nyuma hatua moja, barakoa mkononi, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu usio wake. Na huenda mshangao ule ungetosha. Mwanamke! Watu wangecheka, wangebishana wiki nzima juu ya hilo tu. Lakini karibu na ukuta walikaa akina mama wa kambini, majirani wa hema, na walimtambua. Furaha iliwashinda. Walisimama wote, wakapiga vigelegele, wakamwita kwa lugha ya nyumbani, wakamtaja yeye, baba yake na kilima alikozaliwa, kama anavyoitwa binti siku ya harusi.

Hawakuwa na nia mbaya. Walimwimba tu mtoto wao. Na uwanja mzima ukajua yeye ni wa nani.

Kutoka upande wa barabara sauti ikasema, si kwa kelele sana, "Kumbe. Miaka yote alikuwa wa kwao."

Kisha nyingine, "Na siye tulikuwa tunamupigia makofi!"

Viti vikaanguka. Mfuko wa maji ulirushwa ukapasuka ulingoni. Upande wa ukuta vijana nao wakasimama, wakitabasamu tabasamu la watu walioshinda kitu. Michel alishika mikro akasema muwe na utulivu, jamaa, muwe na utulivu, na hakuna aliyemsikiliza.

Geneviève alisimama hapohapo. Hakujifunika. Angeweza kunyoosha kidole nyuma ya ngoma na kusema, si mimi, ni yule, ni mtu wenu. Maneno yale yangemtoa. Lakini aliangalia mbele tu, kinywa kimefungwa, kama alivyoahidi, na kwa Hubert ukimya ule ulikuwa mzito kuliko ukimya wake wote wa miaka yote.

Bibiane, aliyesimama kando yake, alimshika Hubert shati. "Ukipanda, hautashuka tena kuwa Hubert wa vitanda."

"Na nisipopanda?"

Bibiane akaachia shati.

Goti lilimtesa kwenye ngazi. Akachukua mikro mkononi mwa Michel, ambaye hakuwa na la kufanya.

"Mi ni Hubert," alisema. "Natengeneza vitanda nyuma ya soko. Radi ilikuwa mimi, mpaka leo asubuhi."

Watu walisikia sauti, na kwa sauti walisikia upande. Sasa barabara ikatulia na ukuta ukatulia. Halafu mtu akacheka.

"Muzee, shuka, utavunjika!"

"Amekunywa divai ya misa!"

"Weye Radi? Basi mi ni askofu!"

Kicheko kilipita uwanja mzima. Hubert alisimama ndani yake, mtu wa makamo mwenye shati lililopigwa pasi, na hakuwa na ushahidi wowote. Alikuwa amejificha vizuri mno. Ilionekana hata ukweli haungeweza kumtoa.

Katapila akasogea. Alimwangalia toka juu hadi chini, akanyoosha mkono. "Nishike."

Hubert akamshika kifundo cha mkono, kwa namna yake, kidole gumba ndani. Uso wa Katapila ulibadilika. Taratibu akapiga goti moja, kwa sababu ukishikwa vile hakuna namna nyingine. Akasema kwa sauti ya mpakiaji wa malori isiyohitaji mikro:

"Ni yeye. Ile mukono naijua. Ilinilaza Komanda, ilinilaza hapa. Muache kumucheka."

Hapo kicheko kiliisha.

"Mbele yangu," Hubert akasema, "alikuwa mutu wa kwao huyu binti. Mbele yake, mutu wa kwetu. Ile maske haijakaa upande moya hata siku moya. Mulikuwa munapiga makofi kwa siye wote."

Hakuna aliyepiga makofi. Kijana mmoja wa upande wa ukuta, mwenye ndevu changa, alitembea hadi kwenye majani matupu ya katikati, akasimama hapo.

"Siku ya daraja," akasema, "ilikuwa nani?"

"Mimi."

"Mi nilikuwa mbele kabisa. Nilikuwa na panga. Ningejua weye ni wa nani…"

Aliutazama mkono wake wa kulia.

"Ndiyo sababu hukujua," Hubert akasema.

Yule kijana alibaki ameinamisha kichwa. Nyuma yake watu walianza kuondoka, familia moja upande huu, mbili upande ule, wakikunja mikeka yao bila kuangaliana. Wengine walibaki, labda kwa kuwa pambano lilikuwa bado, labda kwa kuwa hawakujua mguu upi utangulie. Hubert aliwatazama wanaoondoka na kujua kwamba baadhi yao hawatanunua kitanda kwake tena, na kwamba safari ijayo mtu akisema aitwe Radi, mwingine atauliza, yupi?

Geneviève alichukua barakoa mkononi mwa Katapila. Akaitazama kamba iliyokatika, akafunga fundo jipya kwa meno. Ndipo akasema neno lake la kwanza ulingoni, mbele ya watu wote, kwa lafudhi ya kwao, bila kuificha.

"Papa, shuka. Raundi haijaisha."

"Wanakujua sasa. Hutapata pa kujificha."

"Najua."

"Sikutaka uipate hivi."

"Na weye ulitaka kuipata vile?" Akavaa barakoa, akavuta misuko ndani, akamgeukia Katapila, ambaye alikuwa akijipangusa mikono kwenye suruali na kumwogopa kidogo.

Hubert alishuka ngazi akishikilia ukingo. Karibu na barabara watu wake walimfanyia nafasi, lakini walifanya wakitazama pembeni. Karibu na ukuta hakuna aliyesogea. Alisimama kidogo. Kisha akaenda kwenye majani ya katikati, alipokuwa yule kijana, akajishusha chini taratibu, mguu umenyooshwa mbele. Kijana alimwangalia, hakukaa, wala hakuondoka. Wapiga ngoma walikuwa wakiulizana kama wapige au wasipige. Michel akatafuta kengele ya raundi.